Rili ya beitikasta ya kwanza: kutoka dukani hadi gumba lizoee

Mara ya kwanza niliporusha kwa rili hii, mashine ya kukunjia uzi wa kuvulia, chambo kilianguka mita tatu mbele ya viatu vyangu na rili ikajaa tambi. Jirani yangu wa Uvira, Kongo, aliyekuwa amekalia ndoo akivua kambare kwa minyoo, aliliangalia lile zogo la uzi, akaniangalia mimi, akasema: "Yaya (yaani kaka), hii mashine iko na hasira." Nilifumua kwa dakika arobaini. Mwishowe nikatoa kisu nikakata karibu uzi wote. Hiyo ilikuwa Jumamosi, na uzi wenyewe nilikuwa nimeununua Ijumaa.

Mimi ni mtoto wa Kigoma, nimelelewa na mshipi wa mkono. Sasa naishi Lexington, Kentucky, mji ambao ukiingia duka la vyakula Jumamosi unasikia Kiswahili cha Kongo kabla hujafika kwenye mchele. Huku mwenye mashua utamkuta na fimbo nne au tano, na karibu zote zimebeba rili hizi. Vijana wetu wanaziona, wanazitamani, wanazinunua, kisha baada ya wiki mbili zinaishia stoo. Wengi wanadhani wameuziwa rili mbovu. Mara nyingi rili ni nzima kabisa. Kilichokosekana ni gumba, na gumba haliuzwi.

Ni rili gani hasa

Rili iliyozoeleka, ya spini, huning'inia chini ya fimbo. Spuli yake, yaani kile kigurudumu kinachobeba uzi, haizunguki unaporusha; uzi unaporomoka wenyewe ukipita ukingoni. Beitikasta inakaa juu ya fimbo, na unaporusha spuli nzima inazunguka ili kutoa uzi. Uzuri wake na balaa lake vyote vinatoka hapo. Kwa kuwa spuli inazunguka chini ya gumba lako, unaweza kuipunguza mwendo au kuisimamisha pale unapotaka, chambo kikadondoka kando ya kisiki kama kimewekwa kwa mkono. Inabeba uzi mnene bila kulalamika, na ina nguvu ya kumkokota samaki kutoka kwenye magugu.

Balaa ni kwamba chambo kikiwa hewani kinapoteza mwendo, lakini spuli haina habari. Inaendelea kutema uzi ambao hakuna anayeuvuta. Uzi huo unajikunja, unajizonga, unajifunga. Mambo yote utakayosoma hapa chini, breki, nati, unene wa uzi, namna ya kurusha, yana kazi moja tu: kuhakikisha spuli haiendi kasi kuliko chambo.

Kama unavua samaki wadogo kwa minyoo na boya, au vyambo vyako vina uzito wa chini ya gramu 7, baki na spini. Nasema kweli. Chambo chepesi hakina nguvu ya kuizungusha spuli vizuri, na mwanafunzi anayeanza na gramu 5 anajitafutia kilio. Beitikasta inalipa pale unapowinda besi wa mdomo mkubwa kwenye miti iliyozama, au ukiwa Mwanza unataka kumrushia sangara chambo kizito ukiwa juu ya mwamba.

Huku kwetu rili hii ina nasaba. Kilomita kama 30 kutoka ninapoishi kuna mji mdogo unaoitwa Paris, na fundi saa wa mji huo, George Snyder, anatajwa kuwa ndiye aliyetengeneza rili za kwanza za aina ya Kentucky mwanzoni mwa karne ya 19: unazungusha mkono wa rili mara moja, spuli inazunguka mara kadhaa. Baada yake ndugu wa ukoo wa Meek, nao mafundi saa, wakaziboresha pale Frankfort. Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba rili zile za mwanzo hazikuwa na sumaku wala breki za ndani tulizonazo leo. Breki ilikuwa gumba la mvuvi, basi.

Hatua ya kwanza: kuchagua

Amua kwanza upande wa mkono wa kuzungushia. Kwenye spini unaweza kuuhamisha kutoka kulia kwenda kushoto. Kwenye beitikasta hauhamishiki, unanunua ya kulia au ya kushoto na ndiyo hivyo hivyo maisha yake yote. Kama unarusha kwa mkono wa kulia na umezoea kuzungusha spini kwa kushoto, chukua ya kushoto. Wazee wengi wa hapa wanatumia ya kulia: wanarusha kwa kulia, kisha wanahamisha fimbo mkono wa kushoto ili wazungushe kwa kulia. Ukiwauliza sababu watakwambia ndivyo walivyofundishwa. Wewe huna deni nao.

Kisha angalia breki. Zipo za aina mbili kuu. Ya sumaku ina kipimo cha kuzungusha nje ya rili, mara nyingi chenye namba 0 hadi 10 au zaidi. Sumaku zikisogezwa karibu na spuli, zinaipunguza mwendo bila kuigusa. Ya pili ina vibonge vidogo vya plastiki ndani ya rili. Spuli ikizunguka kwa kasi, vibonge vinatupwa nje na kusugua ukuta. Kwenye nyingi za aina hii unafungua ubavu wa rili ili kuchagua vibonge vingapi vifanye kazi. Zote mbili ni nzuri. Kwa anayeanza napendekeza ya sumaku, kwa sababu moja ya kishamba kabisa: utabadilisha kipimo mara ishirini kwa siku, na hutaki kufungua ubavu wa rili mara ishirini huku mikono ina matope. Siku hizi zipo pia zenye breki za kielektroniki zinazojirekebisha zenyewe. Ni tamu, ila bei yake ni ya mtu anayejua tayari anachotaka.

Namba kama 5.4:1, 6.3:1, 7.1:1 au 8.1:1 ni uwiano wa gia. Ukiona 6.3:1 maana yake mzunguko mmoja wa mkono unaizungusha spuli mara 6.3, na kwa rili ya kawaida hiyo ni kama sentimita 65 za uzi. Chukua yenye 6 na kitu au 7 na kitu. Za 5 ni za vyambo vinavyovuta maji kwa nguvu, za 8 ni za watu wenye haraka zao.

Idadi ya beringi usiisumbukie. Kiwandani ni rahisi kuongeza beringi za hovyo ili namba ya kwenye boksi ipendeze. Afadhali nne nzuri kuliko kumi na mbili za kutu.

Bei: hapa Marekani, kati ya dola 60 na 100 unapata rili ya kampuni inayojulikana, ambayo utaitumia miaka. Chini ya dola 40 utapata nyingine zinazofanya kazi, lakini breki zake mara nyingi hazina tofauti kati ya 2 na 9, na mwanafunzi anahitaji breki zinazosikia. Kama ni lazima ubane matumizi, bana kwenye fimbo, si kwenye rili.

Ya mtumba si dhambi. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa moja kwenye mnada wa uani, inang'aa kama sufuria mpya, na ndani gia zimesagika kama njugu. Tangu hapo nina utaratibu. Izungushe polepole karibu na sikio: ukisikia mchanga, rudisha mezani. Bonyeza kitufe cha kuachia spuli, kisha zungusha mkono. Kitufe kirudi chenyewe kwa mlio mmoja safi. Tazama kile kijitundu cha mbele kinachopitisha uzi kama kinatembea kushoto na kulia bila kukwama. Legeza ile nyota iliyo kwenye shina la mkono, inayorekebisha dragi, yaani breki ya kumwachia samaki uzi, kisha kaza taratibu huku unavuta uzi: uzi utoke kwa mtiririko, sio kwa kushtukashtuka.

Hatua ya pili: fimbo na uzi

Usiifunge beitikasta kwenye fimbo ya spini. Fimbo yake ina ringi ndogo zinazotazama juu, na chini ya kishikio kuna kikulabu cha kuwekea kidole cha shahada. Urefu wa mita 2 hadi 2.1 unatosha. Karibu na kishikio pameandikwa uzito wa chambo na nguvu ya uzi. Tafuta inayokubali chambo cha gramu 7 hadi 21 na uzi wa pauni 10 hadi 17 au hapo karibu. Fimbo ngumu kama mchi itakusumbua: haipindi ukirudisha nyuma, kwa hiyo unalazimika kutumia nguvu, na nguvu ndiyo mama wa tambi.

Uzi wa kuanzia uwe nailoni ya kawaida, pauni 12 hadi 14. Dukani watakuonyesha uzi wa kusukwa, mwembamba na wenye nguvu ajabu, na watakuonyesha fluorokaboni isiyoonekana kirahisi majini. Viache kwanza. Uzi wa kusukwa ukikazwa na samaki unazama katikati ya mizunguko mingine na kung'ang'ania huko. Ukijifunga, kuufumua ni kazi ya mshona shanga. Fluorokaboni ni ngumu, inaruka kutoka kwenye spuli kama waya, na kila ulipojizonga inabaki alama ambapo siku moja itakatika. Nailoni ni laini, ni rahisi, na ukiikata huumii moyo.

Sasa kuufunga. Pitisha ncha ya uzi kwenye ringi zote za fimbo kuanzia ile ya juu kabisa, kisha, kabla ya kitu kingine chochote, ipitishe kwenye kile kijitundu cha mbele ya rili. Mimi nilikisahau. Nilijaza spuli yote, nikasimama nyuma niitazame kazi yangu, ndipo nikaona kijitundu kinatembea peke yake kushoto na kulia, hakina uzi, kama kondakta asiye na abiria. Ilibidi kuutoa wote.

Zungusha ncha kwenye mhimili wa spuli, funga fundo la kawaida kuuzunguka uzi mkuu, kisha funga fundo jingine dogo kwenye ncha yenyewe ili la kwanza likigota lisipite. Vuta hadi likae kwenye mhimili. Mpe mtu ashike bobini ya uzi mpya ikiwa imetobolewa penseli katikati, ajizuie kidogo kwa kitambaa ili uzi uingie umekaza. Uzi uliolala legelege kwenye spuli ni tambi iliyokwisha kupikwa nusu.

Vitabu vinasema jaza hadi ibaki milimita 3 kufika ukingoni. Ni kweli, kwa mtu anayejua. Wewe jaza nusu au zaidi kidogo. Spuli yenye uzi mchache ni nyepesi, kwa hiyo inatii breki mapema, na ukiharibu unaharibu kidogo. Hutarusha mita 50 wiki hii, usijidanganye.

Hatua ya tatu: kuirekebisha kabla ya kurusha

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wote. Karibu na mkono wa kuzungushia, chini ya ile nyota, kuna nati ndogo ya duara. Inabana mhimili wa spuli kutoka ubavuni. Funga chambo cha mazoezi cha gramu 14 hivi, kisicho na ndoana. Zungusha hadi kining'inie kama shibiri moja kutoka kwenye ncha ya fimbo. Inyooshe fimbo mbele yako, kaza nati, kisha bonyeza kitufe cha kuachia spuli. Chambo hakitashuka. Sasa legeza nati kidogo kidogo, hadi chambo kianze kushuka polepole, mwendo wa ndoo inayoteremshwa kisimani. Kikigusa nyasi, spuli isimame papo hapo. Ikiendelea kuzunguka hata mzunguko mmoja, kaza tena unywele.

Weka breki ya sumaku kwenye namba ya juu kabisa. Ndiyo, ya juu kabisa. Chambo kitafika karibu tu, na ndivyo tunavyotaka.

Kila ukibadilisha chambo, rudia zoezi la nati. Cha gramu 10 na cha gramu 18 haviwezi kutumia mkazo mmoja. Watu wanarekebisha asubuhi, mchana wanabadilisha chambo, saa tisa wanatukana rili.

Hatua ya nne: wiki moja kwenye nyasi

Usianzie majini. Majini utaanza kumfikiria samaki, na ukimfikiria samaki utasahau gumba. Mimi huwapeleka wanafunzi wangu kwenye uwanja wa nyasi wa Jacobson Park, tunaweka ndoo kama hatua kumi na tano mbele, basi. Watu wanaopita na mbwa wanatuona wehu.

Shika fimbo kwa mkono unaorushia, kidole cha shahada kwenye kikulabu, gumba juu ya uzi wa spuli. Bonyeza kitufe kwa gumba hilohilo huku sehemu yake bado imegusa uzi, spuli isiponyoke. Kisha pindisha kiganja ili mkono wa kuzungushia utazame juu angani badala ya pembeni (au chini, kama unarusha kwa kulia na rili ni ya kushoto). Ukifanya hivyo kifundo cha mkono wako kinakuwa huru kupiga, na spuli inazunguka vizuri zaidi.

Mitupo kumi ya kwanza isiwe mitupo. Elekeza fimbo mbele, acha chambo kianguke chini, na ukisimamishe kwa gumba sentimita moja kabla hakijagusa nyasi. Tena. Tena. Unalifundisha gumba kuhisi uzi ukipita chini yake. Hapa ndipo ninapomkumbuka mjomba wangu kwenye mtumbwi usiku, mshipi wa migebuka ukipita kati ya kidole na kidole. Macho yake yalikuwa kwenye taa, lakini vidole ndivyo vilivyokuwa vinaona. Aliyewahi kuvua kwa mshipi wa mkono hujifunza rili hii haraka kuliko aliyelelewa na spini. Vidole vyake tayari vinajua uzi uliokaza na uzi uliolegea.

Halafu anza kurusha kwa pembeni, fimbo ikiwa usawa wa kiuno, kwa mwendo wa kubembea, kama unamrushia mtu embe unayetaka alidake. Rudisha nyuma hadi uhisi uzito wa chambo unaipinda fimbo, kisha peleka mbele bila kukurupuka. Fimbo ndiyo inayorusha, wewe unaielekeza tu. Legeza gumba fimbo inapokaribia kutazama ndoo. Kwa mtupo wa juu ya bega, Wamarekani hufundisha kwa mishale ya saa, wakisema achia saa kumi, nilimweleza mpwa wangu hivyo, naye akauliza kwa heshima zote: "Mjomba, saa kumi yao au saa kumi yetu?" Tangu siku hiyo nasema: achia fimbo ikiwa katikati ya kusimama na kulala.

Neno "achia" lenyewe linapotosha. Gumba haliondoki. Linanyanyuka unene wa karatasi, na chambo kikiwa hewani linaupapasa uzi. Ukihisi uzi unavimba na kukutekenya, maana yake spuli imeanza kutangulia, gusa kidogo. Kabla chambo hakijafika chini, bana kabisa. Hii ya mwisho ndiyo kanuni ambayo hakuna breki itakayokufanyia: chambo kikigota, spuli isimame kwanza.

Ukishatia chambo karibu na ndoo mara nane katika kumi, punguza breki namba moja. Moja tu. Rudia. Baada ya siku tano au sita, robo saa au nusu saa kila siku, wengi wanafika katikati ya kipimo, na wanaweza kuanza kurusha kwa juu ya bega. Mpwa wangu alifika siku ya tatu, lakini yeye ana miaka kumi na nne na michezo ya kompyuta imempa gumba la shetani.

Tambi zikitokea, tazama zimetokea wapi. Zenyewe zinasema kosa lako. Zikitokea mwanzoni kabisa, chambo hakijaenda hata mita tano, umekurupuka: umepiga fimbo kwa hasira badala ya kuibembea. Zikitokea katikati ya safari, ama breki ni ndogo au unarusha dhidi ya upepo. Upepo wa usoni hata wenye uzoefu unawaaibisha, kwa hiyo geuka, au ongeza breki namba mbili tatu na urushe chini chini. Zikitokea mwishoni, gumba lilisinzia. Na kama hakuna tambi lakini chambo kinapaa mbinguni, umeachia mapema. Kikijibamiza miguuni pako, umechelewa.

Tambi zikishaingia

Usivute kwa nguvu. Kuvuta kwa nguvu ndiko kunakogeuza vitanzi kuwa mafundo. Kaza nyota ya dragi hadi mwisho, bana uzi wa spuli kwa gumba kwa nguvu zote, kisha zungusha mkono mara mbili tatu huku gumba limebana hivyohivyo. Vitanzi vinasukumwa na kulala. Bonyeza kitufe, vuta uzi taratibu. Mara nyingi, na inashangaza, unatoka. Ukikwama, rudia: bana, zungusha, vuta. Tambi kumi, nane zinaisha hivyo. Zile mbili zilizobaki, tafuta kitanzi kinacholala kukatiza uzi unaovuta, kinyanyue kwa kijiti cha meno, si kwa kisu wala ndoana, maana uzi uliochubuka utakukatikia siku ya samaki. Ukimaliza kumbuka kurudisha dragi ilikokuwa.

Kuna ujanja mmoja wa kuokoa uzi. Rusha mbali kadiri unavyoweza, ongeza kuvuta mita tano hivi kwa mkono, kisha bandika kipande cha utepe wa gundi juu ya uzi uliobaki kwenye spuli na uzungushe uzi juu yake. Tambi yoyote itakayotokea haiwezi kupita utepe. Siku utakapomrushia samaki mkubwa utaubandua, kwa sababu naye hatapita.

Majini

Kwanza kibali. Kentucky, mwenye miaka 16 na zaidi anahitaji kibali cha uvuvi, na mwaka wa kibali unaanza tarehe 1 Machi, si Januari. Ukinunua Februari, umenunua wa wiki chache. Ukiwa jimbo jingine au nchi nyingine, uliza sheria za hapo kabla ya kufunga ndoana.

Dragi ndiyo inayomruhusu samaki kuchukua uzi kabla haujakatika. Iweke kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi: kwa nailoni ya pauni 14, hiyo ni kama kilo 1.6 hadi 2. Usikisie. Funga uzi kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mzigo wa ndege, vuta kupitia fimbo iliyopinda, urekebishe nyota hadi dragi ianze kuachia hapo. Mimi nina mizani iliyopima mabegi ya kwenda Dar mara tatu. Sasa ndiyo kazi yake.

Anza na chambo kimoja chenye mwili, gramu 12 hadi 18, kisichoshika upepo. Spinabaiti, chambo cha bandia chenye kibapa kinachozunguka, ni mwalimu mzuri: ni nzito, inaruka vizuri, na ukiivuta tu inafanya kazi. Chambo kikitua, hamishia kiganja cha pili kwenye rili, uishike yote kama yai, na kabla ya kuvuta zungusha mkono nusu mzunguko ili spuli ijifunge. Usirushe mbali. Samaki wengi tuliowapata hapa tumewapata ndani ya mita 15 kutoka ukingoni, kando ya mti ulioanguka, na huko ndiko gumba linakolipa fedha zake.

Ukirudi nyumbani

Ziwani, kitambaa chenye unyevu kinatosha. Kwa wa Dar, Mombasa au Muscat, chumvi haina urafiki: nunua rili ambayo mtengenezaji anasema ni ya maji ya bahari, na ukirudi inyunyizie maji baridi ya bomba kwa mnyunyizo mwepesi, dragi ikiwa imekazwa. Usiizamishe kwenye ndoo wala kuipiga kwa maji ya kasi, utasukuma chumvi ndani. Ifute, iache kivulini ikauke. Tone moja la mafuta mepesi kwenye beringi za spuli kila baada ya safari chache. Tone moja, sio kama unakaanga. Gia zinataka grisi, na hizo ziache hadi mwisho wa msimu.

Kabla ya kuitundika, legeza dragi kabisa ili sahani za ndani zisilale zimebanana, na toa chambo kwenye ncha. Fimbo yangu ya kwanza niliiegemeza nyuma ya mlango na ndoana yake juu, na mke wangu akainasa kwa mtandio wa harusi ya dada yake. Tangu hapo zinakaa gereji.